Wakwe Wawili na Mawe ya Ayalandi

Binti yangu na mume wake walipata mtoto wao wa kwanza wakiwa Dublin, ambako kijana alikuwa amehamishwa na kampuni yake ya kompyuta. Katika furaha ya siku ile kila mmoja alimpigia mama yake simu na kumwambia, "Njoo." Hakuna aliyemuuliza mwenzake kwanza. Ndiyo maana mimi nilipanda ndege Dallas, mkwe mwenzangu akapanda ndege Houston, tukatua kwenye nyumba moja ndogo, wiki moja, yeye Jumanne na mimi Jumatano. Nilipofunguliwa mlango nilimkuta amekaa kwenye kochi, mjukuu wangu kifuani pake, kitenge kimefungwa sawasawa kana kwamba nyumba ni yake na mimi nimeleta barua.

"Bonjour, mama," akaniambia.

Hiyo bonjour ina historia. Mkwe mwenzangu ni Mkongo wa Bukavu. Alifika Houston na watoto watatu baada ya miaka mingi ya ukimbizi, na tangu hapo anafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, anakunja mashuka makubwa kama uwanja. Mimi ni Mkenya, muuguzi, nimeishi Cedar Hill, pembeni mwa Dallas, zaidi ya miaka ishirini. Siku familia yake ilipokuja kwangu kujitambulisha, alisimama sebuleni, akashika mikono yake mbele, akasema, "Tunafurahi mingi kwa kukuya hapa. Batoto banapendana." Na mimi, mbele ya wageni wote, nikatabasamu na kusema, "Mama, sisi tunasema watoto wanapendana."

Mimi! Mkenya! Mtu wa nchi ambayo Watanzania wakiisikia ikizungumza Kiswahili hushika mbavu! Watu walicheka, nami nikacheka, nikidhani nimechangamsha shughuli. Yeye aliketi polepole. Kuanzia siku hiyo, kwa miaka mitatu, alizungumza nami Kifaransa peke yake, akijua vizuri kabisa kwamba sikijui.

Basi tukawa ndani ya nyumba moja, yeye na Kifaransa chake, mimi na uuguzi wangu. Mimi niliona mtoto anavalishwa sana, yeye aliona mtoto anaachwa uchi. Nikimvua kofia, nikienda chooni na kurudi, namkuta na kofia mbili. Nilimpikia binti yangu uji wa wimbi, yeye akampikia sombe, mboga ya majani ya muhogo, na binti yangu maskini akawa anakula vyote viwili, anatuangalia kwa zamu kama mtu anayetazama tenisi. Siku ya tano mtoto aliogeshwa mara tatu kabla ya saa sita mchana.

Jioni hiyo binti yangu na mume wake walitukalisha.

"Mum, tumewapangia kitu kizuri," binti alisema. "Kesho. Ziara ya siku nzima ya kuona mambo ya kale ya Ayalandi. Ni private kabisa. Gari lenu, dereva wenu, ndiye pia anawaelezea kila kitu."

"Nyinyi na sisi?" niliuliza.

"Nyinyi wawili."

Mkwe mwenzangu alimgeukia mwanawe na kumwambia kitu kirefu kwa Kifaransa. Kijana alijibu kwa Kiingereza, kama wanavyofanya wote, "Maman, it's a gift." Hapo nikaelewa kwamba tunafukuzwa nyumbani kwa heshima zote.

Asubuhi saa mbili tulishuka chini. Nilikuwa nimevaa koti la baridi kali ingawa ilikuwa Mei, yeye amevaa kitenge cha kijani, kilemba chake kimepanda juu kama keki, na juu ya yote hayo koti la mvua. Nje ya lango alisimama mzee mwembamba mwenye masikio mekundu na kofia ya sufu, ameshika karatasi iliyoandikwa TEXAS kwa herufi kubwa. Tulisimama mbele yake. Akatutabasamia, akatusalimia, kisha akanyoosha shingo kutazama nyuma yetu.

"Nawasubiri akina mama wawili kutoka Texas," alisema.

"Ndio sisi," nikasema.

Mzee aliangalia karatasi. Akaangalia kilemba. Masikio yalizidi kuwa mekundu. "Nilidhani," alisema, "labda mngekuwa na zile kofia kubwa za wachunga ng'ombe."

Mkwe mwenzangu, ambaye Kiingereza chake nilikuwa sijakisikia hata siku moja, alimwambia kwa utulivu, "Hat is in Houston. With my horse."

Nilikohoa ili nisicheke. Sikutaka kumpa ushindi mapema.

Ndani ya gari yeye alikaa kushoto, mimi kulia, katikati tukaweka mkoba wenye mandazi yangu na chupa yake ya chai ya tangawizi. Mzee aliondoa gari upande wa kushoto wa barabara na mimi nikapiga kelele. Nilizaliwa Kenya, nilijifunza kuendesha kushoto, lakini Texas imenifuta yote hayo kichwani, na kila lori lililotujia nililiona limekuja kunichukua mimi binafsi. Mzee alinitazama kwenye kioo, akatuhurumia. Alisema ametuandalia muziki wa kutufanya tujisikie nyumbani. Akabonyeza kitufe.

Kantri! Gitaa, fidla, na sauti ya mwanamume aliyeachwa na mkewe na mbwa wake siku moja.

Sasa, mtu asiyejua Wakenya atashangaa, lakini sisi tulilelewa na nyimbo hizi. Kila Jumapili mchana baba yangu alikuwa anafungua redio, anakaa kitini na macho yamefumbwa, anasikiliza wanaume wa Tennessee wakilia. Nilizijua nyimbo hizo kabla sijajua Texas iko wapi. Midomo yangu ilianza kucheza yenyewe. Kisha nikasikia upande wa kushoto sauti nyingine, nzito, ya kwaya, inaimba maneno yale yale bila kukosa hata moja.

Nilimgeukia. Alinigeukia. Hakuna aliyenyamaza.

Wimbo ulipoisha alisema, na mara hii haikuwa Kifaransa, "Kule kazini, kwa kufulia, redio ni hii tu. Miaka tisa. Bale Bamexicain banaipenda, mi nikaanza kuipenda. Kiingereza changu yote imetoka humu."

"Yote?"

"Yote. Njo maana najua tu maneno ya kulia na ya farasi."

Nilicheka mpaka nikakunja tumbo. Mzee akaongeza sauti. Tuliingia mashambani mwa Ayalandi tukiimba watu watatu, mzee akichukua sauti ya chini, na mvua ikitunyunyizia vioo kama mtu anayepiga pasi.

Alitupeleka kwanza kwenye kilima cha Tara, walikotawazwa wafalme wa zamani. Nilitarajia kasri. Ilikuwa nyasi. Nyasi za kijani mpaka macho yanauma, vilima vya mviringo vilivyochimbwa na watu wa kale, kondoo, na upepo uliotaka kilemba cha mkwe wangu kwa nguvu zote. Alikishika kwa mikono miwili. Juu kabisa lilisimama jiwe moja, refu kama mtoto wa darasa la saba. Mzee alivua kofia yake. Alituambia kwamba zamani, kila aliyetaka ufalme aliletwa hapa kuligusa, na akiwa mfalme wa kweli jiwe lilinguruma mpaka nchi nzima ikasikia.

"Gusa," nikamwambia mkwe mwenzangu.

"Gusa wewe. Wewe njo mwenye kujua yote."

Nikaligusa. Baridi tu. Upepo ulivuma, hakuna lililotokea, na nikahisi aibu kidogo, kama mtu aliyepiga hodi nyumba isiyo na watu.

Yeye akasogea. Aliachia kilemba mkono mmoja, akaweka kiganja juu ya jiwe, akafumba macho kama yuko ibadani. Palepale nyuma yake, kondoo mmoja mkubwa, sijui alitoka wapi, alipaza sauti nene, ndefu, ya kutoka tumboni: "Meeeeee!"

Mkwe wangu aliruka. Koti likaruka. Kilemba kikatumia nafasi hiyo kuondoka na upepo, kikafunguka hewani, mita nzima za kitenge cha kijani zikipepea juu ya makaburi ya wafalme, na mzee wa watu akaanza kukikimbiza na miguu yake myembamba, huku kondoo nao wakidhani wanafukuzwa wao wakatawanyika kila upande. Nami nilikaa chini. Nilikaa kwenye nyasi zilizolowa, nikalia kwa kucheka. Nilipoinua macho nilimwona mkwe wangu amekaa pembeni yangu, nywele zake fupi zenye mvi zikiwa nje, anajipangusa machozi.

"Wamesikia nchi nzima," nilimwambia.

"Basi piga magoti," akajibu. "Malkia iko mbele yako."

Mzee alirudi na kitenge mkononi, anahema, akakikabidhi kwa kuinama. Alisema ameongoza watu kilimani pale miaka mingi na jiwe lilikuwa halijawahi kumjibu mgeni.

Kutoka hapo tulikwenda Newgrange. Hapo ni mahali pengine kabisa. Ni kilima kikubwa cha mviringo kilichojengwa na watu, kimezungushiwa ukuta wa mawe meupe unaong'aa, na ndani yake mna njia nyembamba ya mawe inayokwenda mpaka kwenye chumba walichowekea mifupa na majivu ya watu wao. Ni cha kale kuliko piramidi za Misri. Mtu haingii na dereva wake. Mnapelekwa kwa basi dogo pamoja na wengine, na msichana wa pale ndiye anayewaongoza. Mzee alituaga kwenye kituo kama anapeleka watoto shule.

Mlangoni kuna jiwe limelala, limechorwa miduara inayojizungusha kama kamba ya ukili kabla haijashonwa. Msichana alitueleza kwamba ndani ni pembamba, na kwamba akitufikisha katikati atazima taa, tukae gizani, kisha atawasha taa moja ya kuigiza jua la asubuhi ya Desemba, ambalo kila mwaka huingia kwa dakika chache tu mpaka sakafuni. "Kama kuna mtu hapendi giza au mahali pembamba," alisema, "aingie wa mwisho ili aweze kutoka wa kwanza."

Watu walianza kuinama na kuingia. Mkwe wangu hakusogea. Nilidhani ni kilemba. Nilipomtazama niliona uso wa mgonjwa anayesubiri sindano, na uso huo naujua.

"Mukwe," alisema polepole. "Mi sitaingia."

"Kuna nini?"

"Wakati ya vita tulijificha chini ya nyumba ya jirani. Siku tatu. Kulikuwa shimo, na mbao juu. Nilikuwa nimemufunga mutoto mudomo na mukono yangu, asilie." Alinyanyua mkono ule, akautazama. "Sasa ule mutoto njo baba ya mjukuu wetu. Tangu pale siendake mahali ya giza. Hata kwangu kule Houston, nalalaka na taa."

Miaka mitatu nilikuwa nimemwona mwanamke mwenye kiburi. Nikamwambia tusiingie, tukae hapa kwenye jiwe tule mandazi, makaburi hatujayakosa maishani.

Lakini kundi lililotangulia lilikuwa linatoka wakati huo, na yeye aliwaangalia nyuso zao mmoja mmoja. Alikuwepo mzee mmoja aliyetoka akiwa ameduwaa, mdomo wazi, na msichana mdogo aliyekuwa anarukaruka.

"Angalia," alisema. "Bote banatoka. Na banacheka."

"Wanatoka wote," nikakubali.

"Basi tangulia. Nitakushika koti."

Nilitangulia. Alinishika koti kwa nyuma kwa mikono miwili, si kwa adabu, bali kama mtu anayezama. Njia ilikuwa nyembamba kweli; mawe yalisimama pande zote mbili, kuna mahali pa kuinama na mahali pa kupita ubavu ubavu. Sisi wawili si wembamba. Katikati, pale panapobana zaidi, mimi nilipita kwenda mbele, yeye akabaki nyuma ya jiwe, lakini koti langu hakuliachia, na koti likavutika mpaka likanikaba.

"Achia koti!"

"Siachie!"

"Basi vuta pumzi, upite!"

"Nimevuta kutoka Bukavu!"

Mbele yetu kijana wa Kijerumani, au wa wapi sijui, aliomba radhi bila kujua kosa lake. Mkwe wangu alipita ghafla, kama kizibo, akanigonga mgongoni, nami nikamgonga Mjerumani, na hivyo ndivyo tulivyoingia katika kaburi la kale kuliko yote niliyowahi kuona.

Ndani palikuwa pakavu. Mawe yamepangwa juu, moja limepita jingine, mpaka yanafunga paa, bila saruji, na mvua haijaingia miaka yote hiyo. Msichana alisema atazima taa. Mkono wa mkwe wangu ulitafuta wangu ukaupata. Nimeshikwa mkono na akina mama wengi wanaojifungua, lakini mfupa wangu haujawahi kulia vile.

Giza lilikuja. Giza halisi, ambalo ukifumba macho na kufumbua ni kitu kimoja. Nilimsikia akihema haraka haraka. Nilianza kuhesabu naye kwa sauti ndogo, kama ninavyofanya kazini, moja, mbili, tatu. Tulipofika saba, uzi wa mwanga ulitokea mbali, chini, kwenye sakafu ya njia tuliyopita. Ukanyooka. Ukatambaa kuja kwetu, wa rangi ya asali, mwembamba, mpaka ukagusa viatu vyetu.

Kisha katika ukimya ule mtakatifu nikasikia sauti ya Bukavu ikiuliza, wazi kabisa:

"Njo hii tu?"

Akacheka. Haikuwa dharau. Ilikuwa hewa iliyokaa kifuani miaka mingi na sasa imepata mlango. Kicheko chake kilipanda kwenye mawe kikarudi kimekuwa cha watu kumi, Mjerumani akaanza, msichana wa pale akaanza, watu wasiojua hata neno moja la Kiswahili wakawa wanacheka gizani na kupanguza macho. Nadhani wafu wa humo walitusamehe.

Kwenye basi la kurudi tulikaa pamoja. Nilimtazama dirishani, nikaona nikikawia sitasema kamwe.

"Siku ile kwangu nilikukosea," nikamwambia.

"Siku gani?"

"Ya batoto banapendana."

"Nimekungojaka miaka tatu useme vile," alisema. "Nilikuwa nachoka. Unajua namna inachosha kusema Kifaransa na mutu hasikie?"

"Ulikuwa unaniambia nini wakati wote huo?"

"Kitu kimoja tu. 'Habari yako, chakula ni kizuri, Mungu akubariki.' Singeweza kukutukana. Uko mama ya bibi ya mutoto wangu."

Mzee alitupeleka mwisho Monasterboice, makaburi ya watawa yenye mnara mrefu wa mviringo na misalaba ya mawe mirefu kuliko mtu yeyote, imechongwa picha kila upande. Alikuwa ameandaa maelezo yake yote. Maskini hakupata nafasi. Sisi ni watu wa kanisa.

"Kaini na Habili!" nilisema, nikionyesha.

"Na hii ni Adamu na Hawa, angalia mti."

"Daudi na Goliathi!"

"Musa, anapiga jiwe maji itoke!"

"Mamajusi!"

Tulizunguka msalaba kama watoto kwenye mtihani, tukisukumana viwiko. Juu katikati kulikuwa na Hukumu ya Mwisho, na chini yake mizani ya kupimia roho, na shetani mdogo amelala chini anajaribu kuivuta upande wake kwa fimbo. Mkwe wangu alimsogelea shetani huyo, akamtolea ulimi. Mzee alitoa daftari mfukoni. Alisema tukiwa hatuna haraka, angependa tumtajie tena polepole, kwa sababu picha moja miaka yote amekuwa akiieleza vibaya.

Tuliporudi Dublin jioni, bado jua liko juu, binti yangu alifungua mlango akiwa na wasiwasi, macho yakitafuta majeraha. Alitukuta tumeshikana mikono, tumelowa, tuna nyasi migongoni, tunaimba wimbo wa mwanamume aliyeachwa na mbwa. Alitukabidhi mtoto. Mkwe wangu alimpokea, akamtazama, akamvua kofia moja.

Siku hizi husafiri kuja kwangu. Mara ya kwanza aliamua kuendesha mwenyewe kutoka Houston, safari yake ndefu ya kwanza, nami nilimwelekeza kwa simu. Nilimwambia akifika barabara kuu namba ishirini aende magharibi. Saa nzima baadaye alipiga simu kutoka kwenye maegesho ya duka huko Mesquite, mashariki kabisa, akisema Cedar Hill ni nzuri lakini nyumba yangu haionekani. Nikachukua gari nikamfuata. Nilimkuta amefungua buti, ametandika kitenge, ametoa sufuria ya sombe, kuku, na sahani mbili za chuma.

"Mbona hukungoja tufike nyumbani?" nilimuuliza.

"Nani anajua kama tutafika?" akasema, na akanisogezea sahani.

Tulikula pale pale, katikati ya magari, watu wakipita na matoroli yao wakitutazama, na jua la Texas likituchoma shingo.